Mbuzi wa Rangi ya Buluu

"Abti, dawa hii waliijaribu kwa nani kwanza?" Idman aliuliza, akiwa darasa la sita, mjomba wake Kerrow akijidunga sindano tumboni.

Kerrow alicheka, naye akamwita abti, kama mjomba na mpwa waitanavyo. "Wewe fanya hesabu za mwalimu, abti."

Swali lenyewe Idman alijifunza kwake Kerrow. Kerrow alikuwa mchanjaji wa mifugo, kuanzia Garissa hadi soko la Griftu, na dawa ngeni hakuidunga kundi zima hata umwapie. Alichagua mbuzi mmoja, akampaka rangi ya buluu sikioni, akamtazama siku saba. Mbuzi akiendelea kula, Kerrow alipaza sauti, "Mbuzi anakula!" Wenye mifugo wakajipanga.

Ila ngamia alikuwa amempiga Kerrow teke gotini, na mchanjaji asiyeweza kuchutama atashika mbuzi gani? Ndipo Abdirahim, kijana wa ukumbi wa mazoezi, alipomletea vichupa vya unga wa kuchanganya na maji.

"Mzee, hii ni peptaidi. Wanariadha wanajidunga, goti linajiunga lenyewe."

"Bebtaidi," Kerrow akarudia.

Idman alisoma Kiingereza cha kwenye kichupa: ya utafiti tu, isitumiwe na binadamu.

"Hata dawa ya ng'ombe huandikwa hivyo," Kerrow akasema, "na kidonda changu kilipona nayo."

Siku ya saba alichutama, akainuka bila kushika ukuta. "Mbuzi anakula!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Akaendelea kujidunga, mwaka, miaka miwili, mitatu.

Uvimbe ulianza kama punje ya mahindi, pale pale pa sindano. Ukawa kokwa ya tende. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio hata akiwa ameketi. Idman, sasa kidato cha pili, alimsindikiza kliniki.

"Ni hii iliyoleta uvimbe?" Kerrow aliuliza.

Daktari Katunge alikigeuza kichupa mara tatu. "Huenda. Huenda sivyo. Hakuna aliyewafuatilia wanaoidunga miaka mingi. Hata kilichomo humu sikijui. Tukate kipande cha uvimbe, tupime."

Majibu ni wiki tatu. Abdirahim hashiki simu. Goti ni zima kabisa.

Jana Idman alimkuta Kerrow ameketi, bakuli la wali limepoa mbele yake.

"Kula, abti."

Kerrow alilisukuma bakuli. "Uliniuliza waliijaribu kwa nani." Akavua kofia, akamgeuzia sikio. "Lete ile rangi ya buluu."