Mstari Ulioshuka Wiki Nne

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akamlaumu karani wangu, au mkubwa wangu, au ukame. Mimi ndiye niliyeandika kwamba watu wa upande wa Balambala wameanza kupata nafuu, na haikuwa kweli.

Jina langu sitalitaja. Walioishi Garissa miaka hiyo watanijua tu, maana hawakuwa wengi waliofunga tai katika joto lile.

Naomba mnielewe vizuri. Mimi si mjinga, na sitajifanya mjinga ili mnihurumie. Nilizaliwa katika familia ya ngamia. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake, ambaye kwetu huitwa eddo. Hakuna mjomba aliyenilipia nauli wala mbunge aliyeniandikia barua. Nilifika Marekani kwa jasho langu, nikaosha sahani miaka minne, nikatoka na diploma ya takwimu. Iko ukutani hadi leo, ndani ya fremu.

Kule niliajiriwa katika ofisi iliyohesabu watu wanaodai bima ya kukosa kazi. Mfanyakazi wa kule hulindwa na bima, akifukuzwa huja dirishani kudai posho. Kila wiki tulihesabu madai mapya. Yakipanda, viwanda vinafunga. Yakishuka, watu wanapata kazi. Nilikuwa hodari katika hesabu hiyo kuliko waliozaliwa kule.

Mkubwa wangu wa kule alinifundisha mtego mmoja. Wiki ya sikukuu madai hushuka, lakini si kwamba kazi zimepatikana. Watu hawakuja tu. Kwa hiyo usiiamini wiki moja. Chukua wastani wa wiki nne, na uiondoe wiki ya sikukuu.

Nilirudi nyumbani na mtego huo kichwani, nikadhani ndio mtego wa pekee duniani.

Ukame ulikuwa umeua ng'ombe kwa maelfu. Shirika moja la misaada lilifungua ofisi Garissa mjini, na lilipoona cheti changu halikuuliza mara mbili. Nikawaambia mfugaji aliyefiwa na mifugo ni mtu aliyefukuzwa kazi. Tuhesabu kaya mpya zinazokuja kuomba chakula kila wiki, tuchore mstari, tujue lori ziende wapi. Wakapiga makofi. Wakaanza kuniita Profesa.

Ili mtu asijiandikishe mara mbili nikaweka sharti moja. Anayeandikishwa ni mwanamume mwenye kaya, kwa kitambulisho chake na dole gumba lake. Akishaandikishwa, mke anaweza kuchukua chakula. Bila dole la mwenye kaya, hakuna kadi.

Meza yetu ilikuwa katika makazi ya watu waliopoteza mifugo, nje kidogo ya Balambala. Karani wa meza alikuwa Hirsi, mtu wa maneno mengi. Kila Alhamisi alikuja mjini na daftari.

Miezi miwili mstari ulipanda. Kisha ukashuka. Wiki iliyofuata wakaja nusu ya waliotangulia. Iliyofuata, nusu ya hao. Kulikuwa na Idd katikati, nami nikaiondoa wiki hiyo kama nilivyofundishwa. Mstari ukashuka vilevile. Wiki ya nne zikaja kaya kumi na moja tu.

"Profesa," Hirsi alisema akijipepea kwa daftari, "wiki hii nimelala mezani mpaka mbuzi amekula wino."

"Basi hali inatulia."

"Labda. Ila kina mama wanakuja. Wanasimama, nawaambia leteni mwenye kaya, wanaondoka."

"Sharti ni sharti, Hirsi."

"Mimi nakwambia tu. Diploma ni yako."

Alicheka, nami nikacheka.

Siku mbili baadaye Eddo akaja ofisini. Alikuwa anaishi katika makazi yale yale na mkwe wake Ubah na wajukuu wawili. Alipanda lori la mbuzi tangu alfajiri, na shuka lake lilikuwa jeupe kwa vumbi. Nikamvutia kiti. Akakaa chini, karibu na mlango, penye upepo.

Kwetu shangazi humwita mtoto wa kaka yake kwa jina lilelile analoitwa yeye. Mimi namwita Eddo, naye ananiita Eddo.

"Eddo," akasema, "nasikia lori zetu mnataka kuzihamisha."

"Nani kakwambia?"

"Karani wako ana mdomo kama mlango wa hoteli. Ni kweli?"

"Kikao ni Jumatatu. Walioomba wamepungua, Eddo. Upande wa Takaba wanazidi. Chakula kinafuata wenye shida."

"Wanaume hawapo," akasema. "Ilisikika mvua imenyesha mbele ya Eldas. Wamekwenda na wanyama waliobaki. Wote. Hata mume wa Ubah, kabla hajaweka dole. Huko kwetu hakuna dole gumba la kiume isipokuwa la imamu na la yule kipofu, na hao umeshawaandika."

"Kama wamekwenda kwenye malisho, basi kuna malisho."

"Kuna habari ya malisho. Malisho ni kitu kingine." Akavuta shuka. "Na maziwa yamekwenda nao. Tumebaki wanawake na watoto na sufuria. Twende mezani kwako, tunaambiwa tulete mwanamume. Nimtoe wapi, Eddo, nimfinyange?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoka.

Nilikuwa nalijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Habari ya mvua ikija, wanaume hutangulia kuitafuta, tunaita sahan. Baba yangu aliondoka hivyo mara nyingi, tukabaki na Eddo tukihesabu siku. Mtaalamu kutoka Nairobi angesamehewa kutojua. Mimi nilikuwa najua. Nililisukuma pembeni kwa sababu halikuwa na safu katika daftari langu.

Tena lilitoka kwa shangazi yangu! Nitasema ukweli wote. Sikuogopa kwamba anadanganya. Niliogopa watu wangesema nimebakiza lori kwa ajili ya ukoo wangu. Wengine wote mjini walisemwa hivyo, mimi peke yangu sikusemwa, na nilijivunia. Angekuja mwanamke nisiyemjua na maneno yale yale, huenda ningesikiliza.

"Eddo," nikamwambia, "kila kijiji kina shangazi wa mtu. Nikimsikiliza kila mmoja, sitakuwa na kazi, nitakuwa na ukoo."

Akainuka bila kusaidiwa. "Umesoma mpaka umetuhesabu tukaisha," akasema. Akakataa soda. Akakataa nauli. Nilimwona kwa dirisha akivuka barabara kwenda kwenye malori.

Jumatatu nikabandika chati yangu ukutani. Mkubwa wangu akauliza kama kuna sababu nyingine yoyote ya mstari kushuka. Aliuliza, wallahi, kwa sauti ya kawaida, kalamu mkononi. Nikajibu: "Nimeondoa athari ya sikukuu. Kushuka huku ni kwa kweli." Akaandika. Lori za Balambala zikapunguzwa, kutoka kila wiki hadi moja kwa mwezi, za walioandikishwa tu.

Wiki ya sita baada ya kikao mstari ulipanda kuliko tulivyowahi kuona. Hirsi alileta daftari mbili, ya kwanza ilikuwa imejaa. Hakufanya mzaha wowote. "Wanaume wamerudi," alisema. "Mvua ilikuwa ya siku moja."

Nikaomba gari siku hiyohiyo. Tulifika baada ya adhuhuri. Foleni ya wanaume ilizunguka meza, midomo imepasuka, miguu ya majivu. Sikusimama hapo. Nikaenda kwenye kibanda cha Eddo.

Ubah alikuwa ameketi mlangoni. Mtoto mmoja alikuwa mapajani mwake. Nilijua walikuwa wawili. Nilimtafuta kwa macho yule mwingine, Hamdi, wa miaka minne, aliyependa kuvuta tai yangu. Ubah akayaona macho yangu, akageuza uso.

Eddo akatoka, akanisalimu vizuri, akauliza safari. Kisha akasema, "Njoo na kitabu chako."

Alinipeleka nyuma ya makazi. Mnajua makaburi ya watoto kwetu yalivyo: mafupi, kokoto chache, matawi ya miiba juu ili fisi asifukue. Matawi mengine yalikuwa bado na majani mabichi.

"Hawa hawakuja mezani kwako," akasema. "Nimekuleta wewe kwao. Waandike."

"Eddo, tafadhali."

"Andika. Huyu ni Yusuf wa Halima. Huyu ni mtoto wa Kaltuma, alikuwa hajapewa jina, andika wa Kaltuma. Huyu Hamdi wa Ubah."

Nikaandika. Fomu niliyokuwa nayo ilikuwa ya waombaji wapya, yenye nafasi ya dole gumba mwishoni mwa kila mstari. Alinitajia wote, kaburi kwa kaburi, bila haraka, akanirekebisha nilipokosea jina la mama. Nilipojaza ukurasa akanisubiri nifungue wa pili. Alipomaliza akasema, "Ahsante, afisa."

Tangu siku hiyo ananiita afisa. Anapika chai nikienda, anauliza afya yangu, mbele ya watu hanivunjii heshima. Lakini lile neno la kwetu sijalisikia tena kinywani mwake. Nilipewa kabla sijaweza kutembea, na hakuna chuo kitakachonirudishia.

Sharti la dole nililiondoa jioni ile ile. Lori zikarudi. Mkubwa wangu alisoma ripoti yangu ya pili, ndefu, niliyoandika kila kitu humo, akaniambia hali ya ukame ni ngumu kutabiri. Nilitaka anifukuze. Alinipandisha cheo.

Watu hudhani mambo kama haya humjia mtu usingizini. Mimi hunijia mchana, mezani, penseli mkononi. Nikichora mstari na ukaanza kuteremka, kwenye kila nukta nasikia sauti ya Eddo, tulivu, ikitaja jina na jina la mama. Nimechora chati nyingi tangu hapo. Sijawahi kumaliza mstari unaoshuka bila kuiweka penseli chini.

Sasa nasema na ninyi mliosoma, hasa mliosoma mkarudi. Mwezi uliopita ofisi yetu ilimpata binti mwerevu, ana shahada, si diploma, na kompyuta inayochora yenyewe. Juzi alinionyesha kaya mpya za upande wa mto. "Mzee, zimeshuka wiki ya tatu," akasema kwa furaha. Nikamuuliza ambao hawakuja wako wapi. Akajibu kwa adabu kwamba takwimu hazikusanywi kwa wasiokuja.

Binti yangu, kama gazeti hili litakufikia, usingoje wiki ya nne. Chukua gari kesho asubuhi, uende ukaulize kina mama.