Nyasi za Zambarau Mlangoni kwa Ladislaus

Ladislaus alitunza bustani za nyumba za wageni Masasi kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu akarudi kwao Chilangala, huku juu Newala, na viroba vitatu vya nyasi. Sisi tunapigana na nyasi mwaka mzima chini ya mikorosho, yeye anazipakia kwenye basi! Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Mimi Pili ni jirani yake, tena Myao, naye Mmakonde, kwa hiyo ni mtani wangu na kumcheka ni haki yangu.

Zilikuwa nyasi za mapambo, rangi ya zambarau, zenye masuke laini kama mkia wa paka. Hazioteshwi kwa mbegu. Unagawa shina na kupanda vipande. Alinieleza, nami nikijifanya sisikii, kwamba Masasi jua ni kali na rangi inakoza hadi kukaribia weusi, ila zinataka maji kila jioni. Huku kwetu kuna ukungu, na zikipata kivuli kidogo tu zinapauka. Mchanga nao haushiki maji, basi lazima uzitandazie majani makavu na uzipande penye jua tupu. Pale kwake jua tupu lilikuwa mbele ya mlango.

Mkewe, Flora, alikataa katakata. Alikuwa mtu wa kufagia uwanja kabla hajanawa uso. Kwetu sote, nyasi mlangoni maana yake ni mahame, nyumba ambayo wenyewe wamekufa au wamehama. Mwaka mzima zikakaa nyuma ya jiko, zimedhoofu.

Mwezi wa tano mwaka jana Flora akaugua kifua, akapelekwa hospitali Masasi, alikokuwa binti yao Julia, mwalimu. Ladislaus akabaki kulinda nyumba. Akahamishia mashina mlangoni, safu mbili, ili mkewe akirudi azione zimekoza na moyo wake ulainike. Akazimwagilia maji ya kuchota mbali. Baada ya wiki tatu zilikuwa zambarau kweli, na zilipendeza, ingawa nasema hivyo kwa shida.

Nikampigia Flora simu. Ulikuwa utani wetu wa siku zote. Nikamwambia, "Mama Julia, huku umeshazikwa. Mlango wako umeota nyasi."

Hakucheka. Aliuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, nikacheka peke yangu mpaka salio likaisha.

Siku tisa baadaye wakamleta kwenye jeneza. Msibani nikatania kama desturi inavyotaka, watu wakacheka huku wanafuta machozi.

Tangu hapo Ladislaus hakuzing'oa nyasi wala hakuzigusa. Aliingilia mlango wa uani. Aliniambia anazisikia zikitoa mchakacho hata siku isiyo na upepo, na kwamba anaogopa. Alitaka jambo moja tu: Julia, aliyekuwa na mama yake hadi mwisho, amwambie ni kifua kilichomuua Flora, si yeye na nyasi zake.

Julia akaja kwa ajili ya arobaini. Tulikuwa watatu uani, tunachambua choroko, Ladislaus alipomuuliza. Binti aliendelea kuchambua. Niliona hataki kusema.

"Baba, daktari alimruhusu Jumatano," akasema. "Nilishamkatia tiketi. Akasema kwake kumeshakuwa mahame, arudi wapi. Akageukia ukutani, hakula tena."

Ladislaus akauliza ni nani aliyempelekea habari hizo.

"Hakumtaja. Alisema tu mtu alimpigia simu, na mtu huyo alikuwa anacheka."

Mikono yangu ilikuwa kwenye ungo, sikuthubutu kuiinua. Ladislaus akanigeukia, akaniuliza kama namjua binadamu mwenye roho ya namna hiyo. Nikasema simjui.

Hadi leo sijamwambia, na ninamwogopa kuliko anavyoziogopa zile nyasi. Kila asubuhi ananisalimu, "Mtani," halafu anasimama kidogo akisubiri nimchokoze, nami nainama kufagia uwanja wangu.