Mahindi Yaliyoua Kuku wa Hajra

Watu wa Kiwangwa walipomwona Hajra akisomba matofali peke yake kujenga banda la kuku, walisema mke wa Rajabu kapatwa na wazimu. Mumewe alikuwa Lugoba kwenye machimbo ya kokoto, nyumbani akifika mara mojamoja. Hajra hakuwajibu. Alizaliwa Bagamoyo mjini, akakua akimsaidia mama yake kukaanga samaki sokoni, na huko alijifunza kwamba anayejibu kila neno hauzi kitu. Akamaliza banda, akaleta vifaranga, na kuku walipoanza kutaga, wale wale waliomcheka wakawa wanamfuata kununua mayai.

Chakula cha kuku alikichanganya mwenyewe: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa. Mahindi alipewa na baba mkwe wake, Mzee Mbaruku, ambaye kila mavuno alimtengea magunia yake kando kwa mapenzi tu.

Mwaka huo masika yaligoma kuisha. Mahindi yalivunwa mabichi, yakaanikwa chini uani, yakanyeshewa, yakaanikwa tena, yakatiwa magunia hivyo hivyo. Haukupita muda kuku wakaanza kudorora. Vilemba vya vichwani vikapauka, mayai yakapungua, na yaliyotagwa yakawa na ganda laini la kubonyea. Kisha vikaanza vifo, leo mmoja, kesho wawili.

"Shoga, hilo ni jicho la watu," jirani yake Ashura alimwambia. "Kasomewe."

"Dua nitaomba," Hajra akajibu, "lakini kwanza nijue kinachowaua."

Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, alikuwa amekwisha kuwapa. Akamtia kuku mfu kwenye ndoo, akampelekea Klementina, afisa mifugo wa kata. Klementina alimpasua juu ya gunia, akanyanyua ini. Lilikuwa la njano, limevimba, likimong'onyoka vidoleni.

"Mama Adila, mahindi unayowalisha yakoje?"

"Ya nyumbani, daktari."

"Twende nikayaone."

Stoo ya Hajra ilikuwa nyuma ya banda. Klementina alifungua gunia, akazamisha mkono mpaka kiwikoni. Ndani kulikuwa na joto. Kiganja alichokitoa kilijaa punje zilizoshikana, zenye ukungu wa kijani.

"Nadhani ni sumukuvu," alisema. "Ukungu unauona, sumu yake huioni. Ukiosha haitoki, ukipika haiishi. Nitapeleka sampuli maabara, lakini usiwape tena hata punje."

"Nasikia kuna unga wa kuchanganya kwenye chakula, unafunga sumu."

"Upo. Umekaa kama udongo laini. Ukifika tumboni mwa kuku unaishika sumu, inatoka na kinyesi kabla haijaingia kwenye damu. Lakini huo ni kwa mahindi mazuri, ukihofia sumu kidogo iliyojificha. Kwa haya yaliyooza, utakuwa unachota maji kwa pakacha."

Hajra aliziangalia zile punje. "Na mtu akiyala?"

"Ini la mtu nalo ni ini. Watoto ndio huumia zaidi."

Hapo ndipo Hajra alipomkumbuka Mzee Mbaruku. Mahindi hayo hayo yalikuwa kwa mzee, na ugali wake ulikuwa ukiliwa na ukoo mzima, Adila, binti wa Hajra, akiwamo. Kumwambia mkwe kwamba zawadi yake ni sumu si jambo dogo. Hata hivyo alijifunga kanga, akaenda jioni ile ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuku hawajambo?"

"Wanakufa, baba. Mahindi ndiyo yanayowaua."

Mzee Mbaruku alikunja uso. "Mahindi yangu?"

"Mvua imeyaharibu, baba. Hukuyaharibu wewe."

"Sisi tumekula mahindi ya ukungu tangu utoto. Mbona hatukufa?"

"Waliokufa hawapo hapa watujibu, baba."

Mzee akageukia magunia yake. "Basi tumuuzie mchuuzi, atajua mwenyewe pa kuyapeleka."

"Yataishia kwenye chungu cha mtoto wa mwenzetu. Ya kwangu nayafukia kesho. Ya kwako siwezi kukuamrisha, lakini Adila hatayala tena. Nisamehe, baba."

Mzee aliinuka, akaingia ndani bila kuaga.

Asubuhi Hajra alichimba shimo mbali na kisima, kanga imemziba pua na mdomo. Ashura akaja na ungo. "Nipe hata kidogo nikachambue, nipate ya uji."

"Ningekuwa sikupendi, ningekupa," Hajra alisema, akaendelea kuchimba.

Alikuwa anaburuta gunia la kwanza alipomwona Mzee Mbaruku anakuja na baiskeli, magunia yake yamefungwa nyuma, jembe begani. Mzee alichungulia shimo, akatikisa kichwa.

"Halina kina hili. Sogea."

Wakachimba wote wawili. Ashura akaweka ungo chini, akashika gunia upande wa pili.

Majibu ya maabara yalithibitisha aliyoyashuku Klementina. Hajra alinunua mahindi makavu, na katika duka la dawa za mifugo Bagamoyo akapata ule unga wa kufunga sumu. Alifundishwa kuuchanganya kwanza na pumba kidogo, ndipo uenee chakula chote, maana ukirundikana mahali pamoja wengine watakosa. Kuku ambao maini yao yalikwisha kuharibika waliendelea kufa, akawazika bila kulia. Waliobaki, vilemba vyao vilirudi kuwa vyekundu, taratibu, na mayai yakarudi na ganda gumu.

Mavuno yaliyofuata, Mzee Mbaruku alijenga kichanja, akatandika turubai, na hakutia punje guniani kabla ya kuing'ata na kusikia ikipasuka kwa ukavu.

Siku hizi wafugaji wa vijiji vya jirani humjia Hajra kumwuliza ule unga wa kufunga sumu unapatikana wapi. Huwakaribisha, huwapa maji, kisha huwaambia:

"Leteni mahindi yenu kwanza niyaone."