Bawaba ya Mlango wa Chumbani

Alikuwa mhesabu ndege wa idara ya misitu, kazi ambayo shemeji zake hawajaiamini mpaka leo. Kwa miaka ishirini na sita alipanda njia ileile yenye vituo ishirini na vinne, miti imepakwa alama nyekundu, na kila kituo alisimama dakika kumi kama mtu aliyesahau kilichomleta. Aliyethubutu kukohoa karibu naye alinyamazishwa kwa kidole mdomoni. Ndiyo maana kazini walimbandika jina Mzee Shii.

Ndege mwenyewe aliyetumwa kumhesabu hakuwa na makuu: mdogo, wa kijivu, anajificha chini ya vichaka kama anayekwepa wadai. Mzee Shii alikuwa amemwona kwa macho mara nne tu. Siku nyingine zote alimwandika kwa sauti, mluzi mwembamba wa juu, na fomu ilikuwa na sharti moja: andika ulichosikia wewe, si ulichoambiwa.

Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameandika sifuri. Sasa ofisi ilimpigia simu. Kikao cha mwezi ujao kingetangaza kwamba ndege huyo ametoweka mlimani, na kipande cha juu cha msitu, kilicholindwa kwa ajili yake tu, kingefunguliwa kwa wapasua mbao. Afanye hesabu moja ya mwisho. Aliitikia bila kubisha, maana moyoni alishamzika ndege huyo zamani, na alikuwa amechoka.

Goti lilimsumbua, hivyo safari hii mkewe alibeba chupa ya chai na kumfuata. Mama wa watu hakuwahi kukanyaga huko, na alinung'unika njia nzima. Wimbo ulikuwa uleule wa nyumbani: mlango wa chumbani unapiga kelele, bawaba inataka mafuta, na mume kila siku anajibu kwamba mlango hauna neno.

Kituo cha kwanza hadi cha kumi na nane, sifuri tupu. Cha kumi na tisa, dakika ya sita, mkewe alimgusa bega. Mzee akamtolea macho. Mkewe akamgusa tena.

"Baba watoto, huku kuna mtu ana nyumba?"

"Nyumba gani tena?"

"Nasikia mlango. Kama ule wetu. Huo tena, pale chini ya majani."

Akatega sikio. Alisikia kijito, na pumzi zake mwenyewe. Kisha majani yakatikisika, na ndege wa kijivu akatoka hatua tano mbele yao. Akainua kichwa, akafungua mdomo, koo likatetemeka. Mzee Shii hakusikia chochote.

Akakaa kwenye gogo, aibu imemjaa. Angeweza kuandika kwamba ameonekana mmoja, akanyamaza kuhusu masikio yake, akamaliza miaka miwili iliyobaki kabla ya kustaafu. Lakini ndege mmoja baada ya sifuri zote zile ni mabaki tu, na kikao kisingebadili nia. Walipomaliza njia, mkewe alikuwa amesikia mlango huo mara saba.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Mkewe alikunja uso kwa kelele. Yeye aliona mbao zikienda na kurudi, basi.

Akavuta kiti, akaandika kwenye fomu kwamba sifuri za miaka mitatu zifutwe kwa sababu aliyeziandika hasikii vizuri, na kwamba atumwe mhesabu mwingine kabla ya kikao. Akatia sahihi.

Mkewe alisoma akichungulia begani kwake. Halafu akachukua kikopo cha mafuta.

"Basi niutie sasa?"

"Uache kwanza," alisema. "Huyo atakayekuja, nataka ausikilize kabla hajapanda."