Nilidanganya kilo zangu, parachuti ikanipeleka nyuma

Wakuu, sasa. Hii si ya kusikia. Ilinipata mimi, na alama bado iko kwa goti.

Miaka ya tisini nilikuwa nashona nguo Soko la Toi, naishi Mashimoni. Nilikuwa mwembamba ajabu. Kilo 44, hapo nikiwa nimeshiba.

Club fulani ya kuruka na parachuti ilikuwa inaniletea mikanda na mifuko yao nirekebishe. Siku moja coach wao, mzee mpole, akaniambia, "Atieno, njoo uruke mara moja. Zawadi. Kuja na rafiki."

Nikaenda na Nekesa, wa saluni kule Kawangware 56. Mwili tele, sauti tele. (Huyu dada tumegombana mara mia na hatujawahi kumaliza siku mbili bila kuongea.)

Tukafunzwa vizuri. Siku yenyewe coach akauliza kila mtu kilo zake. Mimi nikaogopa nitaambiwa nirudi nyumbani nikakule kwanza.

Nikasema, "Sitini na tano."

Nekesa akaniangalia. 

Basi nikapewa parachuti kubwa, saizi moja na yake.

Nekesa aliruka kwanza, akashuka katikati ya uwanja, safi kabisa.

Yangu pia ilifunguka poa. Nikaelekea upepo vile tulifunzwa, nikangoja kushuka. Lakini nikiangalia chini, naona miti inaenda mbele. Manze, ni mimi nilikuwa narudi nyuma! Kitambaa kikubwa kikibeba mtu mwepesi hakina nguvu ya kupenya upepo. Nikavuta kamba kugeuka, ikageuka polepole kama ng'ombe ameshiba. Uwanja ukaniacha.

Niliangukia shamba la mahindi yaliyovunwa. Nikashukuru Mungu mapema. Upepo ukajaza kitambaa tena, ukaanza kunikokota na magoti kuelekea fence ya seng'enge. Tulikuwa tumefunzwa kuvuta kamba moja kitambaa kilale, lakini kwa woga nikasahau.

Mara nikasikia, "Atieno! Jishikilie!"

Nekesa alikuwa ameanza kukimbia tangu anione napeperushwa. Akajitupa juu ya kile kitambaa, mzima mzima. Kikalala. Seng'enge ilikuwa hatua chache tu.

Alinishika kichwa akalia. Halafu akanichapa bega. "Kilo arobaini na nne unaonea aibu ya nini? Hizi zangu nimewahi kuficha?"

Tukacheka hapo chini, tukiwa tumejaa vumbi.

Coach alifika akihema. Hakupiga kelele. "Ungeniambia ukweli ningekupa ndogo. Ama ningekuzuia, upepo wa leo si wa mtu mwepesi."

Wakuu, kubwa haimaanishi salama. Parachuti inapimwa kulingana na mwenye kuivaa, kwa hivyo ukiulizwa kilo, sema zako.

Kuna mtu mwembamba hapa amewahi kuruka? Tuambie ulipewa saizi gani. Na kama uko na mtu anaweza kukukimbilia hivyo, mpigie simu leo. Mimi wangu nimempigia kabla niandike hii, na bado ananigombeza.