Vipembe vya Wapiga Gitaa

Siku ya kwanza kazini niliteremka kutoka kijijini kwetu Uluguru nikiwa na viatu mkononi, nikavivaa karibu na mjini baada ya kunawa miguu mtoni. Bendi ya kiwanda ilikuwa inatafuta mtunza vyombo. Kiongozi wa Bendi, mtu mrefu wa maneno machache, aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza:

"Gitaa unajua kupiga?"

"Sijui, Mkuu."

"Vizuri. Anayejua hupiga badala ya kutunza."

Akanikabidhi kisanduku cha vipembe, vile vidude vya kukwaruzia nyuzi za gitaa. Ninyi vijana mnapigia vya plastiki; sisi tulitumia vipande vya pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni, vilivyokatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa tupa. Pembe ni kama ukucha wa mtu: ikikauka sana hupasuka, ikilowa hulegea na kupinda. Kila baada ya dansi nilifuta jasho la vidole kwa kitambaa kikavu, kisha nikapitisha ukucha wangu ukingoni, maana kipembe chenye pengo hukwaruza waya. Nikigusa pengo, nilichukua msasa laini. Mara mojamoja nilipaka tone la mafuta ya nazi. Kilichopinda nilikichovya katika maji ya moto, nikakibana kati ya vibao viwili hadi kipoe. Kisanduku kilitobolewa ili hewa ipite, na ndani niliweka karafuu za kufukuza wadudu.

Kiongozi aliyekuja baada yake alikuwa mkali zaidi. Wakati wake ndipo Mrisho, mpiga solo wetu, kijana wa Mwembesongo, alipopata kiharusi. Alirudi baada ya miezi, anatembea, anacheka, lakini mkono wa kulia haukuwa ule tena. Tulikuwa tunajiandaa kwenda kupiga Turiani.

"Mrisho abaki," Kiongozi alisema mbele yetu sote. "Siendi kwa watu na mkono wa kubahatisha."

Mrisho alinifuata stoo. "Dada Salome, kipembe kinateleza kama kambale. Nikikibana, kinatoka."

Nilitazama vipembe vyangu vinavyong'aa. Nikachagua kipande kinene, cha karibu na shina la pembe. Ukingo niliusugua hadi ukawa laini, lakini pale pa kushikia nilipachanja kwa tupa, huku na huku, na sikupapaka mafuta. Mrisho akajaribu. Hakikuanguka. Kiongozi alisimama mlangoni akisikiliza, uso haubadiliki.

"Nyimbo mbili," akasema. "Ukiharibu, unashuka."

Turiani walijaa wakata miwa na wakulima wa mpunga. Wimbo wa kwanza Mrisho alipiga, na watu wakapiga mayowe. Katikati ya wa pili nilimwona anatazama vidole vyake. Hakuharibu. Alimkonyeza mpiga ridhimu, yule akashika solo, naye Mrisho akabaki akigonga nyuzi chache kwa chini hadi mwisho. Aliposhuka alinipa kipembe.

"Mimi basi, dada."

Nilikifuta kama ninavyofuta vingine vyote. Kiongozi alibeba mwenyewe gitaa la Mrisho hadi garini.

Niliendelea miaka mingi baada ya hapo, mpaka vipembe vya plastiki vilipojaa madukani na macho yangu yakachoka. Siku ya kuniaga, kiongozi wa wakati huo aliniuliza ningependa nini. Nikamwambia nataka kucheza. Miaka yote, watu wakicheza, mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa na kitambaa changu.

Bendi ikaanza. Mrisho, mzee mwenzangu sasa, aliinuka kwenye kiti, akaja akichechemea, akanishika mkono. Hatua ya kwanza tu nikamkanyaga.

"Salome! Kumbe hujui kucheza?"

"Ningejifunza saa ngapi?"

Tukacheza vibaya mno, na hakuna aliyetuzuia mpaka bendi yenyewe ilipochoka.