Shangazi Alimsahihisha Mama kwa Wino Mwekundu

Mhariri, nifichie jina langu na la shule yangu, maana gazeti hili linasomwa hata na ndugu zangu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili hapa Tabora, na ninaishi Ipuli na wazazi wangu.

Ukoo wetu una daftari. Alilianzisha marehemu babu, ndugu walipotawanyika kufuata kazi. Kila mwaka linaanzia kwetu, linapelekwa Nzega, Urambo na Ujiji na yeyote anayesafiri, kisha linarudi kabla ya Idi. Kila nyumba ina ukurasa wake wa kuandika nani kafaulu na nani kasafiri kwenda wapi. Masharti ya babu ni mawili: ukurasa hauchanwi, na msomaji hulifungua mbele ya watu wote akasoma kila kilichoandikwa. Msomaji ni mimi, tangu nikiwa darasa la tano.

Mwaka jana mama aliandika kwa mkono wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefaulu mtihani wa kwanza wa masomo ya watu wazima, akachaguliwa kwenda Mwanza kwa treni kusoma mbele ya wanawake wenzake. Mistari minne ya penseli ilimchukua siku tatu.

Siku ya Idi nilisimama nikasoma. Nimefundishwa kusoma bila kusita, basi nilipomaliza mistari ya mama nikaunganisha na maneno mekundu yaliyokuwa chini yake: "Makosa tisa. Daftari hili ni la habari za ukoo, si la kujifunzia kuandika. Rudia." Nilipofika kwenye "rudia" ndipo nikautambua mwandiko wa shangazi yangu wa Nzega, mke wa karani wa pamba.

Watu walicheka. Baba mdogo akapaza sauti, "Mwalimu kasahihisha!" Shangazi akajipepea kwa ncha ya khanga. "Wifi, usinune. Kusahihishwa ndiko kusoma." Baba alitazama sahani yake. Mama alitabasamu, akaondoka kwenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo hajakanyaga darasani. Daftari lilipoanza safari mwaka huu alisema, "Mimi nitasikiliza tu," na ukurasa wetu ukaondoka mtupu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sauti iliyomwaibisha ilikuwa yangu.

Mwezi uliopita shule ilitupeleka Kigwa kusaidia kuvuna karanga katika kijiji cha ujamaa. Aliyekuja kupokea magunia yetu alikuwa mtoto wa shangazi. Hapa nimwite Rajabu. Ukoo mzima unajua kwamba yuko ng'ambo mwaka wa pili, anasomea uhandisi.

"Shikamoo, kaka," nilisema, mdomo wazi.

"Marahaba. Usiseme umeniona, mdogo wangu. Nilirudishwa nikiwa Dar es Salaam, hata meli sikupanda. Mama kasema nisionekane nyumbani mpaka niwe na cha kuonyesha." Kisha akacheka. "Hebu niambie, kwenye daftari mwaka huu nimefika wapi?" Akanijazia karanga mfukoni, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

Sasa daftari limerudi na Idi haijafika. Nimevunja sharti, nimelifungua. Shangazi kajaza ukurasa mzima: Rajabu kaona theluji, Rajabu kawa wa kwanza darasani.

Nimenunua wino mwekundu. Ukurasa wetu ndio husomwa kwanza, na hapo nitaandika: "Rajabu yuko Kigwa, anabeba magunia. Kosa ni moja tu, shangazi. Rudia." Nataka awe ameketi mbele, khanga mpya mabegani, nami nisome polepole, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Nataka baba mdogo apaze sauti tena. Najua Rajabu hajanikosea. Lakini nikikumbuka mama alivyotabasamu akibeba zile sahani, huruma yote inanitoka.

Juzi nilianza. Nimeandika neno moja tu, jina la kweli la Rajabu.

Jana mama alikuwa akichagua mchele. Akaniuliza bila kuniangalia, "Ule ukurasa wetu bado mweupe?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama."

"Basi nitafutie penseli yangu."

Ukurasa hauchanwi, na wino haufutiki. Ndugu wasomaji, msiniambie tu nisamehe, hilo nimeshaambiwa na moyo wangu na nimelikataa. Niambieni, nimalizie sentensi yangu, au nimpelekee mama penseli yake na kumfunulia nilichokwisha kuandika? Nifanye nini?